Fimbo Imepigwa Marufuku, Baraza Je?

Kila shule inapochafuka, wazazi hatukosi kusema: rudisheni fimbo. Hata marehemu Profesa George Magoha, alipokuwa Waziri wa Elimu, alilitaka hilo mwaka 2021. Nasi Waswahili methali tunayo tayari: mcha mwana kulia hulia yeye.

Lakini viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo inahusu sekondari pia, ikaweka adhabu: anayempiga mwanafunzi aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa miezi isiyozidi sita, au yote mawili. Na fimbo ilipokuwa halali haikutukinga. Julai 1991, katika shule ya St Kizito kule Meru, wavulana waliwavamia wasichana usiku. Wasichana 19 walifariki.

Basi mwalimu mkuu atumie nini? Jibu moja naliona Nairobi, upande wa Eastlands, jirani na Pumwani. Shule ya wavulana ya Starehe ilianza 1959 kwa vibanda viwili vya mabati, ikiwapokea watoto wa mitaani. Geoffrey Griffin, mmoja wa waasisi, aliiongoza mpaka alipofariki 2005. Kila wiki aliitisha baraza. Mwanafunzi aliruhusiwa kusimama mbele ya wote akalalamikia chakula, kiranja au kanuni, naye mkuu akajibu.

Faida yake ni nini? Lalamiko husikika lingali dogo, kabla halijageuka moto wa bweni. Jibu likitolewa hadharani, uvumi hufa. Na kijana aliyeelezwa sababu ya kanuni huiona ni yake. Ila kuna masharti mawili: aliyesema asilipiziwe kisasi, na lililoahidiwa litekelezwe. Baraza lisilo na majibu ni dharau tupu.

Shule nyingi za Eastlands ni za kutwa. Jioni mwanafunzi hurudi Kayole, Umoja au Kaloleni, na mambo ya mtaani huja nayo darasani asubuhi. Huko mkuu peke yake hatoshi. Mzazi naye aketi barazani.

Sisi wa Pwani baraza si neno geni. Ndipo wazee wetu walipomaliza ugomvi kabla haujafika kwa kadhi. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukiitwa shuleni usiulize tu mwanao amekosa nini. Uliza pia: hapa wanafunzi husikilizwa siku gani?