Kabla ya Kuflashi Runinga, Nakili Programu ya Zamani

Umeme umekatika Kilwa Masoko, kisha umerudi. Runinga ya sebuleni inawaka, inaonyesha nembo, inazimika, inawaka tena. Wenye nyumba wanasema imeungua na wanaanza kuulizia bei ya mpya. Fundi mzoefu atashuku kwanza kumbukumbu ya runinga hiyo.

Nyuma ya kioo kuna mazabodi, yaani bodi kuu, na juu yake chipu ndogo ya miguu minane. Katika runinga za kawaida hubeba megabaiti 4 au 8 tu, lakini humo ndimo ilimo programu dhibiti: maagizo yanayoieleza runinga namna ya kuwaka, aina ya kioo chake na rimoti ya kuitii. Runinga janja huwa na chipu ya gigabaiti kadhaa. Kumbukumbu hii, flashi, ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, miaka ya 1980.

Aliyesoma chuo cha Kurani kwa ubao wa mbao ataielewa upesi. Sura mpya haiandikwi juu ya ile ya jana. Ubao huoshwa kwanza. Flashi nayo ni hivyo hivyo. Kuandika hugeuza 1 kuwa 0 tu. Ili 0 irudi kuwa 1, sharti kipande kizima kifutwe. Umeme ukikatika katikati ya kuflashi, yaani kuandika programu upya, ubao umeshaoshwa na sura mpya haijaandikwa. Runinga inakosa pa kuanzia.

Hatari ya pili ni faili ya programu isiyo ya runinga hiyo. Runinga mbili za kampuni moja na inchi sawa zaweza kuwa na mazabodi tofauti, hivyo husomwa namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe na ile ya kibandiko cha kioo. Faili ya kioo cha 1366 kwa 768 ikiwekwa kwenye cha 1920 kwa 1080, picha huvurugika.

Tena, kuanzia Kivinje hadi Lindi, chumvi ya bahari hula shaba. Mguu wa chipu ulioota kutu huleta dalili zile zile, na hapo kuflashi hakusaidii. Bodi isafishwe kwa spiriti na volti zipimwe kwanza.

Basi ukimpelekea fundi runinga yako, muulize kabla hajafuta chochote: programu ya zamani umeshainakili? Akiwa nayo, kosa lolote la kuandika linarekebishika.