Kikao kikivurugika, kiongozi ufanyeje?

Hebu tuseme wewe ni mshauri nasaha. Wajane wanane wameketi mbele yako kwenye duara, kila mmoja akisimulia kwa zamu. Ghafla mmoja anaangua kilio. Mwenzake anamfokea: “Wewe angalau ulimzika wako!” Wa tatu anachukua mkoba wake na kutoka. Waliobaki wanakutazama wewe.

Usidhani kikao kimeharibika. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba watu wa kawaida waliofunzwa kwa wiki 2 tu waliweza kuongoza vikundi vya wanavijiji waliolemewa na huzuni, nao wakapata nafuu. Kinachotakiwa ni utulivu na mbinu chache.

Kwanza, nyamaza kidogo. Usikimbilie kusema “Basi mama, yatapita.” Kilio kimoja kikizimwa, wengine nao wataficha chao.

Pili, taja kilichotokea kwa maneno mepesi: “Naona jambo hili limetugusa sote. Nani angependa kusema?” Mara nyingi jibu la mjane mwenzake litamfaa anayelia kuliko lako.

Tatu, aliyefoka usimwaibishe. Muulize kwa upole maneno yake yanatoka wapi. Huenda mumewe alipotea na hadi leo hana kaburi la kulilia. Hasira hiyo ni msiba pia.

Aliyetoka naye asisahauliwe. Msaidizi wako amfuate, si kumrudisha kwa nguvu bali kujua kama yuko salama. Kama huna msaidizi, toka kidogo umtazame, kisha umtafute siku hiyo hiyo.

Lakini je, mmoja akisema, “Heri nife nimfuate”? Hapo usizunguke. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo hilo, sivyo. Humfungulia mlango wa kusema. Kikao kikiisha, usimwache aende peke yake. Baki naye, mwite jamaa anayemwamini, kisha afikishwe hospitalini siku iyo hiyo.

Ndiyo maana siku ya kwanza huna budi kuwaambia wote: yanayosemwa hapa yatabaki hapa, ila uhai wa mtu ukiwa hatarini. Ukilisema mapema, hakuna atakayeona umemsaliti.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliyelia mbele yako ameacha kuficha. Mpokee.