Usukani wa Land Rover 109 Ukikaa Upande

Wenye Land Rover 109 za zamani wanaoishi Makabe, Msumi au Msakuzi, jijini Dar es Salaam, huugundua ugonjwa huu wakishafika lami. Kwenye vumbi na makorongo mikono haitulii, kwa hiyo hakuna anayeona lolote. Ukiingia Barabara ya Morogoro pale Mbezi Luis, gari linakwenda moja kwa moja, ila usukani umekaa upande. Ushauri wa haraka utakaopewa ni kufungua nati, kuung'oa usukani kwenye meno yake na kuurudisha ukiwa umenyooka. Usikubali kabla hujajua kilichousogeza.

Kwenye 109 za Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, stelingi boksi hukaza zaidi inapokuwa katikati, yaani pale unapokwenda mbele moja kwa moja, na hulegea kidogo unapokata kona. Usukani ukikaa upande, mara nyingi boksi nayo imetoka katikati. Ukinyoosha usukani peke yake, macho yataridhika, lakini boksi itaendelea kufanya kazi katika sehemu yake iliyolegea. Gari litayumba likishika kasi, na linaweza kukata kona vizuri upande mmoja kuliko mwingine.

Anza na upepo wa matairi, kisha endesha polepole mahali tambarare, mbali na Stendi ya Magufuli ambako mabasi ya mikoani huingia na kutoka. Barabara zetu zimeinamia pembeni ili maji ya mvua yatiririke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, hata gari zima hujivuta kushoto kidogo. Legeza mikono bila kuuachia usukani. Gari likienda sawa huku usukani ukiwa upande, shuku urefu wa rodi za usukani. Likivuta, badilisha nafasi za matairi ya mbele, la kulia liende kushoto. Mvuto ukihama, kosa ni la tairi. Likivuta unapokanyaga breki tu, fungua ngoma za breki. Na usukani ukibadilika mkao kila baada ya shimo, paki gari. Kuna kitu kimelegea.

Kukitafuta, acha gari likae chini kwa uzito wake, injini imezimwa, handibreki imevutwa, magurudumu yamewekewa mawe. Mtu mmoja achezeshe usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo. Wewe lala chini, ushike boljointi moja baada ya nyingine kwa kiganja. Iliyochoka utaihisi: rodi inasogea kwanza, mkono uliofungwa nayo unafuata baadaye. Shika pia bolti za boksi, kisha relei ya usukani iliyo mbele kwenye chesi.

Halafu springi. Bolti ya katikati ikikatika, ekseli husogea upande mmoja na gari huenda mshazari. Ile 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, takriban milimita 2,769. Nyoosha magurudumu, upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikiachana, marekebisho ya rodi hayatasaidia. Shughulikia springi kwanza.

Vyote vikiwa salama, tafuta katikati ya boksi. Chomoa rodi kwenye mkono wa boksi, uzungushe usukani taratibu hadi mwisho wa upande mmoja bila kuugongesha. Hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, kisha rudi nusu yake. Usukani ukinyooka hapo, mwenye kosa ni rodi. Ukikaa upande, kuna fundi aliyewahi kuung'oa akaurudisha vibaya. Sasa nati inaweza kufunguliwa.

Magurudumu yanyooshwe kwa uzi. Upana kati ya magurudumu ya magari haya ni sawa mbele na nyuma, hivyo uzi unaopita ubavuni mwa matairi ya nyuma uachane sawasawa na ya mbele pande zote mbili. Boksi na relei zikiwa katikati, legeza klampu za rodi inayotoka relei kwenda kwenye gurudumu, uizungushe. Thredi za ncha zake zinapishana, moja ya kulia na nyingine ya kushoto, kwa hiyo inarefuka au kufupika yenyewe. Tairodi inayounganisha magurudumu mawili iache ilivyo. Hiyo ndiyo inayoyafanya yabanane mbele kwa milimita 1.2 hadi 2.4, na kuichezea kunakula matairi.

Kazi hii ni ndefu kuliko kugeuza usukani, na fundi anayelala chini ya gari lako kutafuta sababu anastahili malipo mazuri. Usiondoke kabla hajakuonyesha kwamba kila klampu imekazwa na kila nati ya boljointi ina pini yake. Nguvu yote ya mikono yako hupita humo kwenda kwenye magurudumu.