Kadi ya Zawadi ni Deni la Duka

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Aghalabu neno hilo hutajwa katika mambo ya jamaa na majirani, lakini zama hizi linastahili kutajwa pia mbele ya kaunta ya duka. Ipo biashara kubwa duniani ambayo bidhaa yake ni ahadi: mnunuzi hutoa fedha leo, naye hukabidhiwa kadi au hati isemayo kwamba atakayeileta atapewa vitu vya thamani hiyo. Mnunuzi humpa zawadi kadi hiyo ndugu yake, mwanawe au mfanyakazi wake. Hiyo ndiyo kadi ya zawadi, na wajibu wetu leo ni kuieleza hali yake kwa wananchi na kwa viongozi waliopewa dhamana ya kusimamia biashara.

Biashara hii ina watu watatu. Yupo aliyelipa, yupo mwenye duka aliyepokea, na yupo aliyetunukiwa kadi. Huyu wa tatu ndiye mwenye haki, lakini hakuwapo wakati wa mapatano, hakusoma masharti, na pengine hakupewa hata risiti. Tangu fedha inapopokelewa mpaka siku kadi itakapotumika, duka ni mdaiwa. Hata hivyo mdaiwa huyo ndiye anayeandika masharti ya deni lake mwenyewe: lini litakufa, litakatwa ada gani, na salio litakuwa la nani. Pasipokuwa na sheria, ni dhahiri kalamu itaelekea upande gani.

Marekani, ambako kadi hizi zimeenea mno, mambo yalifika hapo. Kadi nyingine zilikufa baada ya mwaka mmoja au miwili, na nyingine zilikatwa ada kila mwezi kwa kosa la kutotumiwa. Malalamiko yalipozidi, Bunge la nchi hiyo liliingiza sehemu mahsusi ya kadi za zawadi katika sheria ya kadi za mikopo, ambayo Rais Barack Obama aliitia saini tarehe 22 Mei, 2009. Masharti ya kadi za zawadi yalianza kutumika tarehe 22 Agosti, 2010.

Sheria hiyo iliweka mambo makuu matatu. Kwanza, fedha iliyomo katika kadi isife kabla ya kutimia miaka 5 tangu kadi ilipotolewa au tangu ilipoongezwa fedha mara ya mwisho. Pili, ada ya kutotumiwa isikatwe mpaka kadi ikae miezi 12 bila ya kuguswa, na hata hapo isikatwe zaidi ya mara moja kwa mwezi. Tatu, ada na tarehe ya mwisho vitangazwe wazi kabla mnunuzi hajatoa fedha yake, ili asije akavigundua nyumbani kwa darubini.

Hapana shaka hayo ni maendeleo. Lakini atakayeisoma sheria hiyo kwa makini ataona kwamba haikuweka kikomo cha kiasi cha ada. Tuchukue mfano wa kadi ya dola 50 yenye ada ya dola 2 na senti 50 kwa mwezi. Mwenye kadi akiiweka sandukuni bila ya kuitumia, ada itaanza baada ya mwaka, na makato 20 tu yataimaliza fedha yote. Kadi itakuwa imekauka kabla ya kutimia miaka 3, ilhali sheria inasema kwamba uhai wake ni miaka 5. Kisima kimewekewa mlinzi mlangoni, na maji yanavuja chini. Kadhalika sheria hiyo haikugusa hati za zawadi zilizo za karatasi tupu, wala kadi zinazotolewa bure kwa ajili ya kuvutia wateja.

Baadhi ya majimbo ya nchi hiyo yalikwenda mbele zaidi. California ilikwisha kukataza tarehe ya mwisho katika hati za zawadi zinazouzwa na maduka tangu mwaka 1997. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008 iliongeza kwamba salio likiwa chini ya dola 10, mwenye kadi alikuwa na haki ya kudai apewe fedha taslimu. Dola hizo chache zina maana kubwa, kwani salio dogo lisiloweza kununua kitu chochote ndilo aghalabu linalosahauliwa, na masalio madogo ya watu laki moja ni mali nyingi kwa mwenye duka.

Ireland nayo ilitunga sheria mwaka 2019 kwamba hati ya zawadi iishi muda usiopungua miaka 5. Australia, katika mwaka huo huo, iliweka miaka 3. Nchi hizo zimekubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba muda wa deni usiachwe mikononi mwa mdaiwa peke yake.

Lakini lipo swali zito kuliko la muda na ada. Je, duka likifilisika? Kadi yaweza kuwa na miaka 4 ya uhai mbele yake, na duka lisiwe na hata siku moja.

Mwezi wa Februari, 2008 kampuni ya Sharper Image, iliyokuwa na makao yake San Francisco, iliomba hifadhi ya mahakama ya ufilisi na ikasimamisha kupokea kadi zake yenyewe. Baadaye ikakubali kuzipokea, kwa sharti kwamba mwenye kadi anunue bidhaa za thamani mara mbili ya kadi hiyo. Yaani mtu aliyekwisha kulipiwa alitakiwa alipe tena ndipo apate haki yake. Mahakama zenyewe zimetofautiana. Katika mahakama ya ufilisi ya jimbo la Delaware, hukumu ya mwaka 2004 ilimpa mwenye hati ya zawadi nafasi ya kutangulizwa kama mtu aliyeweka amana. Hukumu ya mwaka 2016, katika mahakama hiyo hiyo, ilimnyima nafasi hiyo na kumrudisha nyuma ya foleni.

Sheria ya California inatamka maneno mazuri sana: kwamba thamani iliyomo katika hati ya zawadi ni amana, na kwamba mali hiyo ni ya mwenye hati, si ya duka. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba duka halilazimiki kuiweka fedha hiyo katika akaunti ya peke yake. Hapo ndipo ilipo kasoro. Amana iliyochanganywa na fedha za kulipia mishahara, kodi ya nyumba na mikopo ya benki ni amana kwa jina tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Uingereza ililiona jambo hilo kwa uchungu mwezi wa Oktoba, 2006. Kampuni ya Farepak ilikuwa ikikusanya akiba ndogo ndogo za familia mwaka mzima, ili ikaribiapo Krismasi wapewe hati za kununulia vitu na vikapu vya vyakula. Kampuni ilianguka wiki chache kabla ya sikukuu. Zaidi ya watu 100,000, wengi wao wa kipato cha chini, walijikuta mikono mitupu kwa kuwa fedha yao haikutengwa, na miaka ilipita kabla ya kurudishiwa sehemu tu ya haki yao.

Mambo hayo si ya mbali nasi kama yanavyoonekana. Sisi visiwani tumekwisha kuzoea kulipa kabla ya kupokea: twanunua vocha ya simu, twanunua umeme wa Tukuza, twaweka fedha katika simu. Wala ukubwa wa duka si kinga. Nakumatt ilikuwa na maduka makubwa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari, 2018 mahakama ya Kenya iliiweka chini ya msimamizi, na hatimaye maduka yake yote yakafungwa.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dawa imo humu humu nchini. Kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka 2015, zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, zinaitaka kampuni inayopokea fedha za wateja kwa njia ya simu iziweke katika akaunti ya amana benki, mbali na fedha za kampuni. Msingi huo ndio unaokosekana katika kadi za zawadi katika nchi nyingi tajiri.

Zanzibar inayo Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji, Namba 5 ya mwaka 2018, na inayo Tume yake. Twawaomba wahusika walitazame suala hili mapema, kabla ya kilio cha wananchi. Kadi inayouzwa iwe na muda mrefu uliotajwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Ada ya kutotumiwa ifutwe kabisa. Salio dogo lirejeshwe taslimu. Na duka linalokusanya fedha nyingi kwa njia hiyo liwajibike kuziweka kando mpaka bidhaa zitolewe.

Wafanyabiashara waaminifu hawana la kuhofia katika masharti hayo, kwani ahadi inayolindwa na sheria huuzika zaidi. Nanyi wananchi, mkipewa kadi ya zawadi isomeni siku ile ile, hifadhini risiti yake, na itumieni mapema. Mwenye kadi asione haya kuidai bidhaa yake: anadai haki iliyokwisha kulipiwa.