Baiskeli ya Kwanza ya Mtoto

Mtoto akifika miaka 3 hivi huanza kudai baiskeli. Mama hujikuta dukani mbele ya aina mbili: yenye magurudumu madogo pembeni, na ile isiyo na pedali, ambayo mtoto huisukuma kwa miguu yake.

Sisi tunapendelea hii ya pili. Kinachomwangusha mtu si pedali, ni kukosa mizani. Magurudumu ya pembeni humshikilia mtoto wima, hata kwenye kona asiweze kuinama. Siku yakitolewa, huanza kujifunza upya. Mwenzake ameshajua mizani. Hata Karl Drais wa Ujerumani, mwaka 1817, alitoa chombo chake cha magurudumu mawili bila pedali, na watu wazima walikiendesha kwa kukimbia!

Je, fedha hazitoshi? Chukua baiskeli ndogo ya mtumba, fungua pedali zote mbili, kwa kawaida kwa spana namba 15. Ya kushoto hufunguka kwa kufuata mwendo wa mikono ya saa. Wengi huharibu hesi hapo. Shusha kiti hadi nyayo zote zikanyage chini.

Angalia breki, mama. Nyingi za aina hii hazina, na viatu vya mtoto havisimamishi kitu mteremkoni. Mtafutie uwanja tambarare, mbali na barabara, na umvishe kofia ngumu. Akishaweza kuteleza mita 10 bila kukanyaga chini, mrudishie pedali.