Vali Mpya Haifuti Makovu ya Moyo

Vali ya aota ni mlango wa vikunjo vitatu unaoruhusu damu kutoka ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha moyo chenye nguvu kuliko vyote, kuingia katika mshipa mkuu wa mwili. Kwa mtu mzima mwenye afya, mlango huo hufunguka kwa eneo la sentimita za mraba 3 hadi 4. Unapokakamaa kwa chokaa au kovu hata eneo hilo likashuka chini ya sentimita 1 ya mraba, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali.

Moyo hujibu kwa kunenepesha kuta zake ili kuisukuma damu ipite penye wembamba, na mwanzoni unene huo ni kinga ya kweli. Baadaye msuli huwa mnene kuliko mishipa midogo inayoulisha, seli hufa, na nyuzi za kovu huchukua mahali pake. Shinikizo nalo hurudi nyuma: hutanua chumba cha juu cha kushoto, huelemea mapafu, na hatimaye huuchosha upande wa kulia wa moyo.

Mwaka 2017 daktari wa moyo Philippe Généreux na wenzake waliyapanga madhara hayo kwa hatua, kuanzia 0 hadi 4, kwa wagonjwa waliokwisha kubadilishiwa vali. Katika mwaka mmoja walifariki asilimia 4.4 ya waliokuwa hatua ya 0, lakini asilimia 24.5 ya waliokuwa hatua ya 4. Wote walipata vali mpya. Kilichowatofautisha ni hali ya moyo uliowekewa vali hiyo. Unene wa msuli hupungua katika miezi inayofuata upasuaji, ilhali kovu lililokomaa hubaki.

Jijini Nairobi, eneo la Westlands halikosi wataalamu wa kuwahi madhara hayo, kwa kuwa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, iko karibu, Parklands. Tatizo ni kuchelewa. Mfanyakazi wa maghorofa ya Westlands anayeacha ngazi na kuzoea lifti hawezi kujua kwamba pumzi yake imepungua, naye humwambia daktari kwa moyo mweupe kuwa yu mzima.

Isitoshe, Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa vali ni vijana walioathiriwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, na mara nyingi vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, huharibika pamoja na ya aota. Kwao uchaguzi ni mgumu: vali ya chuma hudumu, lakini hudai warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na vipimo vya damu maisha yote, jambo la hatari kwa mwanamke anayetaka kuzaa; vali ya tishu haidai hayo, ila huchakaa mapema katika mwili wa kijana. Vali inayopitishwa kwa mshipa wa paja, ambayo daktari wa moyo Alain Cribier aliiweka kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 2002, ilibuniwa kwa wazee wenye vali za chokaa, hivyo haiwafai vijana hao kwa urahisi.

Ishara ya mapema haihitaji mtambo wa bei. Stethoskopu ikiwekwa kulia kwa mfupa wa kidari, chini kidogo ya mtulinga, mvumo mkavu husikika ukipanda hadi shingoni. Kila aendaye kliniki ya presha, hasa aliyepita miaka 60, na aombe asikilizwe moyo, na mvumo ukisikika apimwe kwa mawimbi ya sauti bila kungoja kuzirai.