Picha za Majengo Yaliyoachwa: Ushahidi Usiodumu

Hospitali, shule au gereza likifungwa, jengo lenyewe hubaki kuwa ushahidi wa fikra za wale waliolijenga. Ushahidi huo haudumu, kwani jengo lisilotunzwa huanza kuharibika mara moja. Ndiyo maana kuyachunguza na kuyapiga picha majengo ya namna hiyo ni kazi yenye manufaa kwa elimu.

Mfano ulio wazi ni hospitali za magonjwa ya akili za Marekani. Mwaka 1854 daktari Thomas Story Kirkbride alitoa kitabu kuhusu ujenzi wake. Aliamini kwamba mwanga, hewa safi na mandhari tulivu humsaidia mgonjwa kupona. Kwa hiyo alitaka jengo liwe na sehemu ya utawala katikati, na mabawa marefu kila upande, bawa moja likirudi nyuma ya jingine ili kila wodi ipate jua na upepo. Wagonjwa wasizidi 250.

Hospitali ya Danvers, katika jimbo la Massachusetts, ilifunguliwa mwaka 1878 kwa mpango huo, ikikusudiwa wagonjwa wapatao 500. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 ilikuwa na zaidi ya 2,000. Mpango uliotegemea nafasi ulishindwa kwa msongamano. Hospitali ilifungwa mwaka 1992.

Adui mkuu wa jengo lililoachwa ni maji. Paa likivuja, mbao hulowa na kuliwa na kuvu. Chuma hupata kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hupasua ukuta kutoka ndani. Katika nchi za baridi, maji yaliyomo katika nyufa huganda, yakaongezeka ujazo kwa kiasi cha asilimia 9, na kuzipanua.

Kati ya mwaka 2002 na 2008 mpiga picha Christopher Payne, aliyesomea usanifu wa majengo, alizuru hospitali 70 za aina hiyo katika majimbo 30. Picha moja inaonyesha miswaki ya wagonjwa ikiwa bado imetundikwa mahali pake. Kumbukumbu hizo zilihitajika, kwani sehemu kubwa ya Danvers ilianza kubomolewa mwaka 2006, ikaachwa kuta za nje za sehemu ya kati tu.

Hata hivyo, kazi hii ina hatari. Sakafu iliyooza huweza kuporomoka bila dalili. Rangi za zamani aghalabu zina madini ya risasi, na vumbi la asbesto hudhuru mapafu. Kwa hiyo haifai mtu yeyote kuingia bila idhini ya mwenye jengo, wala kwenda peke yake. Aidha, majalada ya wagonjwa yakikutwa humo yasipigwe picha: siri ya mgonjwa haimaliziki kwa kufungwa hospitali.

Shule zinaweza kujifunza njia hii bila kuingia popote. Wanafunzi wachague jengo la kale lililo karibu, walipige picha kwa nje, kila mwaka kutoka mahali pale pale, wakiandika tarehe na kuacha fimbo yenye vipimo ionekane. Baada ya miaka michache picha hizo zitaonyesha nyufa zinaenea wapi, na kwa kasi gani, wakati ambapo jengo bado laweza kuokolewa.